Babu Hyasinti Ameshatibiwa

Nyumbani kwa Mzee Hyasinti,
Kata ya Mkumbi,
Mbinga, Ruvuma.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa Baba mkubwa Florian,

Shikamoo Baba mkubwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama mkubwa na dada Glorious. Je, macho ya Mama mkubwa yaliyokuwa yakimsumbua yamepata nafuu? Huku kwetu baridi imekaza. Ukungu hauondoki mibunini mpaka saa nne, na tunachuma kahawa vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mimi ni mzima wa mwili. Masomo yanaendelea vizuri. Katika mtihani wa mwezi uliopita nilikuwa wa nne kidato cha tatu, na Biolojia nilikuwa wa kwanza. Baba na Mama wanakusalimu sana. Bibi Kunigunda naye anakusalimu, ingawa siku hizi anaongea kidogo.

Babu hajambo kidogo. Habari zake ndizo zilizonifanya niandike.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu tunakuwa wengi, Baba anaweka spika, kila mtu anasema "ndiyo kaka, sawa kaka", na mtoto hawezi kuingilia. Babu mwenyewe simu imemshinda, kwa kuwa pumzi inamwishia kabla salamu hazijakwisha. Ameniomba mimi niandike. Mwalimu Sekela, anayetufundisha Biolojia, anasafiri Jumanne kuja Dodoma kwenye semina, naye ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali isome kwanza peke yako.

Baba mkubwa, gari ulilolitafuta litafika Jumamosi kumchukua Babu, aletwe huko kwenye hospitali kubwa akapasuliwe moyo. Ninaandika kukuomba asichukuliwe. Nitakueleza sababu, na nitakueleza pia jambo ambalo hukuambiwa, kwa kuwa nami nina kosa ndani yake.

Unakumbuka baada ya Pasaka miguu ya Babu ilivimba na akawa halali mpaka aegemezwe ukutani. Baba alimpakia kwenye bodaboda, Babu katikati, dereva mbele na Baba nyuma akimshikilia, wakaenda naye hospitali ya Litembo. Alilazwa siku tisa. Dawa za kutoa maji zilimsaidia mpaka miguu ikarudi myembamba kama ya zamani. Ilitokea pia kwamba wiki ile alikuja daktari bingwa wa moyo kutoka mkoa mwingine, akampima Babu kwa mashine ile inayoonyesha moyo ukidunda.

Siku ya kuruhusiwa nilikwenda na Baba. Daktari anayemtibu Babu anaitwa Praygod, ni mtu wa Kilimanjaro, kijana lakini mtaratibu. Alituketisha akatueleza bila kuharakisha. Alimwuliza Baba kama ana bomba la mgongoni la kupulizia dawa mibuni. Baba akasema analo, la siku nyingi. Daktari akasema, "Basi moyo wa mzee ni kama bomba hilo lililochoka. Ukilijaza pomoni halipulizi zaidi, linavujia mgongoni kwako." Akasema yule bingwa ameangalia vizuri na hakuna kilichoziba wala kilichotoboka ambacho kisu kinaweza kurekebisha. Ni nyama yenyewe ya moyo imechakaa. Kisha akatuandikia karatasi: dawa za kila asubuhi, chumvi kidogo sana, na mstari wa mwisho aliupigia mstari chini mara mbili, asiwekewe dripu mahali popote bila daktari anayemtibu moyo kujua.

Karatasi hiyo nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ndimi ninayesoma dawa pale nyumbani. Niliiweka ndani ya daftari langu la Biolojia.

Siku zilizobaki za mwezi wa nne na nusu ya mwezi wa tano Babu aliishi vizuri. Alikuwa anatembea mpaka kwenye mibuni ya karibu na kurudi. Alilalamika juu ya chumvi tu. Siku moja alimwambia Bibi, "Ng'ombe wa Baltazar wanalambishwa chumvi kila Jumamosi, mimi niliyelambishwa na padri siku ya ubatizo nanyimwa!" Bibi akamjibu, "Ng'ombe wa Baltazar hawavimbi miguu, kula." Tulicheka sana siku ile.

Lakini watu walianza kuja kumpa pole. Unajua huku mgonjwa akirudi kutoka hospitali jumuiya nzima inakuja, wanasali, wanakunywa uji, halafu wanauliza alitundikiwa chupa ngapi. Hilo ndilo swali. Mgonjwa wa chupa tano ametibiwa. Mgonjwa aliyerudi na vidonge na kukatazwa chumvi, watu wanatazamana. Wanasema amekataliwa hospitali, au watoto wake wamemchoka. Mzee Baltazar, mtani wa Babu wa siku zote, ndiye aliyesema kwa sauti, kwa utani wake ule. "Hyasinti, mimi kwa malaria tu mwaka jana nilitundikiwa tatu, wewe mwenye ugonjwa wa moyo huna hata moja? Au mwanao Tobias anakutunza kama mahindi ya mbegu?" Watu walicheka. Baba alicheka pia, lakini nilimwona amekunja kikombe cha plastiki mpaka kikapasuka.

Naomba usinikasirikie kwa hili ninaloandika sasa. Ulipopiga simu wiki ile, nawe uliuliza swali hilohilo. Uliuliza, "Walimtundikia chupa ngapi?" Baba aliposema hakuna, ulisema, "Kadi ya bima ipo, Tobias. Msimwache mzee hivihivi." Najua ulisema kwa upendo. Tangu siku ile Baba hakuwa na raha.

Jumamosi ya tarehe 25 Mei Babu alikuwa na mafua na kikohozi, na amechoka. Shangazi Hilda alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Mbamba Bay na samaki wake. Alipomwona kaka yake anayeshika nyumba, yaani Baba, amekaa tu, akaanza kulia na kusema tunangoja nini. Mzee Baltazar naye alikuwepo. Ikaamuliwa Babu apelekwe kwenye zahanati moja ya mtu binafsi kule barabarani. Jina lake nitaliacha. Litembo ilionekana mbali, na Mzee Baltazar alisema, "Kule watampa maneno tu. Hapa barabarani hawana maneno, wana sindano." Aliongeza kwamba karatasi ya Litembo isionyeshwe, kwa kuwa wakiiona watasema mrudisheni mlikotoka.

Pale zahanati tabibu alimtoboa Babu kidole akasema malaria hakuna. Akapima tena, akasema ana taifodi, na UTI, na amepungukiwa maji. Baba mkubwa, darasani kwetu tuko arobaini na moja, na sijui hata mmoja ambaye hajawahi kuambiwa ana taifodi na UTI. Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Tabibu aliuliza vizuri kabisa. Aliuliza, "Mzee ana ugonjwa mwingine wowote? Ana karatasi ya hospitali?"

Baba akasema, "Hana."

Karatasi ilikuwa ndani ya daftari, na daftari lilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimesimama karibu na miguu ya Babu. Nilitazama chini. Sikusema kitu, kwa kuwa Baba ameshasema, na Shangazi yupo, na Mzee Baltazar yupo, na mimi nimefundishwa kwamba mtoto hakanushi neno la mzazi mbele ya watu. Hilo ndilo kosa langu. Simlaumu yule tabibu peke yake. Alimtibu mgonjwa aliyeambiwa yupo.

Chupa ya kwanza iliisha haraka, Babu akasema baridi inamwingia mkononi. Shangazi akamfunika kitenge. Wakatundika ya pili. Baba alisimama nje akikupigia simu. Nilimsikia akikwambia kwa furaha, "Kaka, tayari, yuko kwenye dripu." Naamini unakumbuka simu hiyo.

Chupa ya pili haikufika nusu. Babu alianza kukohoa asiweze kuacha. Alikaa kwa nguvu, akashika ukingo wa kitanda, jasho likamtoka kama amemwagiwa ndoo. Povu lilimtoka mdomoni, lenye rangi ya damu iliyochanganywa na maziwa. Alikuwa anazama, Baba mkubwa, amekaa kitandani mahali pakavu, anazama. Alinitazama mimi. Hakuwa na pumzi ya kusema. Tabibu alichomoa dripu, akasema tumwahishe Litembo. Mwenye pikapu ya mbolea alitusaidia. Njia nzima Shangazi alisali kwa sauti, na Baba alimshika Babu kifuani ili asilale chali.

Wewe uliambiwa kwamba hali ilibadilika ghafla. Haikubadilika yenyewe. Tuliijaza.

Litembo walimpa oksijeni na sindano za kutoa maji. Daktari Praygod alikuja akiwa bado na leso ya chakula mkononi. Babu alipotulia kidogo, daktari aliuliza, "Nani anasoma karatasi kwenye nyumba hii?" Nikasema ni mimi. Nikampa. Ilikuwa imelowa jasho la mkono wangu. Nilidhani atanigombeza mbele ya wauguzi. Aliikunjua, akaiangalia, akanirudishia. Akasema, "Flavia, karatasi haina mdomo. Ndiyo maana tulikupa wewe." Basi, akaenda kumwangalia Babu. Ningependa angenigombeza.

Sasa ni wiki mbili Babu yuko wodini. Anapumua bila mashine, lakini hayuko kama alivyokuwa kabla ya siku ile. Figo zimedhoofika. Analalia mito mitatu, na kwenda msalani lazima ashikwe na watu wawili. Daktari anasema mapema wiki inayoanza kesho anaweza kuruhusiwa. Nilimwuliza ataishi muda gani. Hakunidanganya. Alisema labda miezi, labda ataona kahawa yote imeanikwa, labda hataona.

Nilimwuliza pia juu ya upasuaji ulioutafuta, kwa kuwa sikutaka kukuandikia maneno ya mitaani. Alisema, "Kungekuwa na kitu cha kurekebisha ningemwandikia rufaa leo, na ningemsukuma mwenyewe mpaka garini." Alisema kwamba kwa moyo ule, na umri wa miaka themanini na minne, na figo zile, akipewa dawa ya usingizi huenda asiamke. Na safari yenyewe ni siku nzima na zaidi, kwa mtu asiyeweza kulala chali.

Huenda unajiuliza mbona hapa nyumbani hakuna aliyekwambia. Nimewatazama wote, Baba mkubwa, na kila mmoja ana hofu yake. Baba anaogopa kukwambia hapana kwa sababu wewe ni kaka yake mkubwa na kadi ni yako, na pia kwa sababu ya ile "hana" aliyoisema. Hali chakula vizuri tangu siku ile. Shangazi Hilda anaogopa watu wa jumuiya. Bibi aliniambia jikoni, "Nikikataa mimi, halafu akafa, watasema nilimnyima mume wangu hospitali." Na Babu, ambaye daktari amesema ana akili zake timamu na neno lake ndilo linalotakiwa, anasema hawezi kumkatalia mwanawe mbele ya wauguzi na dereva. Ninajua gari likifika Jumamosi atainuka na kupanda, kwa heshima yako tu.

Tumekaa kimya mara ya pili, wote, kama pale zahanati. Ndiyo maana ninaandika.

Jana baada ya kuchuma kahawa nilikwenda Litembo kumpelekea uji. Aliniambia nitoe kalamu. Alisema kwa Kimatengo, nami nimeyaweka kwa Kiswahili kwa sababu sikufundishwa kuandika Kimatengo. Alikuwa anapumzika kila baada ya maneno machache, na mimi nilikuwa nangoja. Haya ndiyo maneno yake:

"Florian mwanangu. Nimetibiwa. Usikubali mtu akwambie baba yako aliachwa. Nilipougua mlinipeleka. Niliposhindwa kupumua, nilipewa hewa. Kilichobaki hakikatwi kwa kisu. Nataka kulala kwangu. Nataka nikikohoa asikie mama yako, asisikie mtu nisiyejua jina lake. Usinisafirishe."

Nilimwuliza kama kuna lingine. Akasema, "Mwulize ile suruali yangu ya kaki aliyoondoka nayo mwaka ule atairudisha lini." Alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia. Muuguzi alituangalia kwa wasiwasi, lakini ilikuwa ni kicheko.

Sitaki udhani kwamba nakataa hospitali, au kwamba kadi yako haikusaidia. Kadi yako ndiyo iliyomlaza siku zile tisa akarudi akitembea, na Bibi anakuombea kwa ajili hiyo kila jioni. Lakini kadi haijui kusema inatosha. Lazima aseme mtu.

Kuna jambo moja dogo lililonipa moyo. Alhamisi Mama Eunice, jirani yetu, alikuja na mtoto wake mwenye mafua. Alikuwa njiani kwenda kule zahanati ya barabarani, mtoto akachomwe sindano za siku tano. Alinikuta getini akasema, "Flavia, twende wote, wewe unajua kuuliza." Nilikwenda naye. Nilimsalimu tabibu, nikamwuliza sindano hizo zitamsaidia nini mtoto. Alinitazama. Nadhani alinikumbuka. Kisha akampima mtoto upya, akasikiliza kifua, akasema ni mafua, apewe maji ya kunywa na arudishwe akizidiwa. Leo mtoto huyo alikuwa anakimbizana na kuku uani kwetu. Nilijisikia vizuri kwa muda, halafu nikakumbuka kwamba ningeweza kuuliza hivyo wiki mbili kabla.

Nikimaliza kidato cha nne na Mungu akipenda ningependa kusomea udaktari. Mwalimu Sekela anasema ninaweza. Tutaongea mambo hayo siku nyingine.

Sasa nakuomba mambo mawili, Baba mkubwa. Daktari Praygod amesema Alhamisi kuanzia saa nane mchana atakuwa ofisini, na namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie. Mwulize lile swali ambalo hatukuliuliza kabla ya chupa ya kwanza, kwamba upasuaji huu utamsaidia nini baba yako. Msikilize mpaka mwisho, kisha neno liwe lako. Ukisema wewe, Baba atapumua, na Bibi hatalaumiwa na mtu. Hakuna mwingine katika familia yetu anayeweza kusema "abaki" na watu wakanyamaza.

La pili ni hili. Gari usilizuie. Liache lije Jumamosi kama ulivyopanga, lakini lije na wewe ndani yake. Tutakuwa tumeshamtoa Babu Litembo, atakuwa kitandani kwake amelalia mito mitatu. Chupa hazitakuwepo, na watu watauliza. Ukiwa umekaa pale pembeni yake, watakuona wewe.

Nisalimie sana Mama mkubwa na dada Glorious. Huku wanakusalimu Baba na Mama, Bibi Kunigunda, Shangazi Hilda ambaye bado yuko kwetu, na Mzee Baltazar, ambaye siku hizi anakuja kila asubuhi kuwakatia ng'ombe wetu majani na kuondoka bila kuketi. Bwana akulinde njiani, na akukutanishe na baba yako macho yake yakiwa bado yanakutambua.

Nisamehe kwa niliyoyaandika kwa ukali. Ni mimi binti yako nikupendaye na kukuheshimu,

Flavia Tobias.